Fyuzi ya Kibanda Nambari Kumi na Nne

Sipendi muziki wa metali, ule wa magitaa ya kelele. Nasema hili mapema ili msomaji asinihesabu pamoja na wale wawili waliokuja bustanini kwangu Jumamosi ile, wamevaa fulana nyeusi zilizopauka, mkononi barua yenye saini mia tatu na kumi na mbili.

Chama chetu cha bustani hapa Gelsenkirchen kilitaka kubomoa kibanda changu kwa sababu kinazidi kipimo cha sheria kwa mita mbili. Humo ndani mna vitabu vyangu vyote. Humo nilisomea masomo ya usiku baada ya zamu ya mgodini, nikapata cheti cha fundi mkuu wa umeme nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Nisingekubali kukiona kikipakiwa kwenye lori.

Tumaini langu lilikuwa wageni hao: Jochen, fundi wa lifti na mpiga gitaa, na Birte, muuguzi anayepiga ngoma. Mwaka 1986, kabla kibanda hakijawa changu, vijana wa mtaani waliojiita Kesselriss walirekodia humo albamu yao. Wawili hao walitaka kihifadhiwe kama kumbukumbu. Mwenyekiti wetu, Bi Overbeck, angekuja kuamua kabla ya saa saba mchana, saa ya utulivu, ambapo kelele zote hukatazwa bustanini.

Jochen aliweka santuri kwenye mashine yake ndogo ya betri. "Mzee, unausikia huo mvumo chini ya gitaa? Hiyo ni amplifaya ya zamani, ile yenye taa za kioo ndani, imefunguliwa hadi mwisho! Siku hizi huipati hata ukiuza figo."

Mvumo ule niliujua. Ulikuwa wa friji la bia la chama, lililofungwa kwenye waya mmoja na kibanda. Nikamimina kahawa.

"Gitaa, gitaa! Wewe hata kengele ya baiskeli utauliza imepitia amplifaya gani," Birte alisema. "Albamu hii ni ngoma, bwana. Ingawa waliirekodi vibaya, ngoma ndogo inalia kama kifuniko cha sufuria."

"Hicho kifuniko ndicho utamu!"

"Nimekataa? Ni takataka tamu. Sasa nyamaza, wimbo wa mwisho huo. Sikia miguu ya mpiga ngoma! Inakimbia, inakimbia, halafu..."

Kimya. Muziki ulikatika kama umeangukia kisimani.

"Wembe," Jochen alisema. "Walikata kanda kwa wembe."

"Wembe wa babu yako! Jamaa alihesabu kichwani, akasimamisha bendi nzima kwa pigo moja."

Bi Overbeck aliwakuta bado wanabishana. Aliwasikiliza wote wawili, akafungua kalamu.

"Mnataka nihifadhi kibanda, na wenyewe hamjui kilichotokea ndani yake. Nitajuaje kwamba kelele hizi zilitoka hapa?"

 Kalamu ilishuka kwenye karatasi ya kubomoa.

Ushahidi nilikuwa nao. Niliogopa tu kwamba wakiusikia wataondoka na saini zao. Lakini sikusoma miaka yote ile ili ninyamaze na daftari langu la enzi za ukatibu wa chama likiwa rafuni. Nikalishusha, nikasoma:

"Jumamosi, 14 Juni 1986. Saa saba kasoro dakika tano niliwaonyesha vijana saa yangu dirishani, utulivu wa mchana ukikaribia. Hawakuacha, walizidi kukimbia. Saa saba kamili nilichomoa fyuzi. Ngoma ziliendelea kwa sekunde thelathini. Onyo limetolewa. E. Kaczmarek, katibu."

Birte alishika mdomo. "Mpiga ngoma alikuona."

"Alinikodolea macho mpaka mwisho."

"Na hizo sekunde thelathini?"

"Alipiga kama mwendawazimu. Kinasa sauti kilikuwa kimeshakufa."

Jochen alikuwa anakunja barua. "Watu wametia saini kwa ajili ya kipaji, mzee. Siyo fyuzi."

"Weka barua hapo," alisema Bi Overbeck. Alisoma ukurasa ule mara mbili. "Bwana Kaczmarek, uliandika hadi sekunde?"

"Kila mara."

"Nimeongoza chama hiki miaka tisa, na sijaona kanuni ya utulivu ikitekelezwa hivi. Tena ikarekodiwa!" Akaichana karatasi ya kubomoa. "Kibanda kitabaki. Kibao kitaandikwa kwamba hapa utulivu wa mchana uliheshimiwa."

Birte alicheka hadi akakaa chini. Alitaka tuupige tena wimbo ule wa mwisho, lakini Bi Overbeck alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba kasoro dakika moja. Akaizima mashine mwenyewe.

Jochen alibaki mlangoni, amenuna, barua mkononi. Kisha akasogea karibu na kuninong'oneza, maana saa ya utulivu ilikuwa imeingia.

"Mzee, hiyo fyuzi ilikuwa ya ampea ngapi?"

"Kumi na sita. Ya kauri."

Akatoa kalamu, akaiandika nyuma ya barua.