Chupa ya Mwaka wa Ikulu

Siku Lella Mannoubia alipoingiza chungu chake cha shaba katika Ikulu ya Carthage, walinzi wa getini walikizunguka mara tatu wasijue wakifanyeje. Kilikuwa chungu kikubwa cha kukenekea maua, yaani kuyachemsha mpaka mvuke wake ugeuke maji ya maua, chenye kofia ya shaba juu na mrija mrefu uliochomoza ubavuni. Ofisa mmoja mwenye miwani myeusi akauliza kwa adabu kama mheshimiwa rais alikuwa na habari.

"Mheshimiwa rais anajua maua hayangoji mtu," alimjibu. "Ukitaka kupekua, pekua, mwanangu. Ndani mna harufu tu."

Nyuma yake alishuka jirani yake wa Nabeul, mjane aitwaye Gamra, na magunia manne ya maua ya mchungwa mchungu yaliyochumwa alfajiri ile. Gamra alisimama, akayatazama madirisha ya Ikulu kuanzia chini hadi juu.

"Ndiyo hii?" akasema. "Mbona mapazia yenyewe kama ya hoteli?"

Kila aliyeuliza aliambiwa kwamba Lella Mannoubia mwaka huu anakeneka Carthage kwa kuwa mumewe hawezi kwenda Nabeul. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa peke yake. Mumewe, Si Hassouna ("Si" kwao ni kama Bwana), alikuwa spika wa bunge rais alipofariki ghafla mwezi wa Februari, na katiba ikamkabidhi nchi kwa siku sitini, basi. Uchaguzi ulikuwa umefanyika, mshindi alikuwa amepatikana, na kiapo kilikuwa kesho yake. Siku hiyo ilikuwa ya hamsini na tisa, na Lella Mannoubia, aliyeishi na mtu huyu miaka hamsini na mmoja, hakujua kama kesho mzee angeondoka au angebaki. Alitaka kuwapo siku hiyo, ajionee kwa macho yake.

Msione ajabu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mumewe akikataa kiti. Alipoitwa kuwa meya, alikwenda. Alipoitwa wizara ya vijana, alikwenda, na kutoka vijana akaenda afya, na kutoka afya akapelekwa ubalozi Rabat, akarudi akaingia bungeni na kulizoea kama mtu anavyozoea kiatu kilichopanuka. Marais walibadilika, yeye yupo. Alikuwa na neno moja lililomvusha kote huko: "Tutaangalia." Ukimwomba kazi, tutaangalia. Ukimtukana, tutaangalia. Watu walikwenda zao wameridhika, kila mmoja akiamini kilichoangaliwa ni chake.

Nyumbani Nabeul kulikuwa na kabati lenye chupa za maji ya maua, moja ya kila mwaka, ile ya kwanza kujaa, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Kila chupa Lella Mannoubia aliibandika karatasi na kuandika cheo cha mumewe cha mwaka ule. Meya. Waziri wa Vijana. Balozi. Spika. Mtu angeweza kusoma maisha yote ya Si Hassouna kwa kunusa. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kukaa hata mara moja akaiona chupa ya kwanza ikijaa. Kila masika alikuja, akaketi, akachambua maua kidogo, kisha gari likapiga honi nje na akaondoka na viatu vina vumbi la chavua.

Isipokuwa mwaka mmoja. Mwaka ule alitia sahihi barua ya watu kumi na wawili waliotaka uchaguzi wa haki, na kwa nini aliitia hakuna aliyejua, hata mkewe. Alifukuzwa kazi siku ya pili. Simu ilinyamaza. Marafiki walivuka barabara wakimwona. Na masika ile Si Hassouna alikaa kwenye kigoda mbele ya moto kutwa nzima, akageuza kuni, akabadilisha maji ya kupoza mrija, mpaka chupa ikafika shingoni. Lella Mannoubia alipata furaha mwaka ule mpaka akaona haya kuwa nayo, maana mumewe alikuwa ameumia. Kwenye karatasi aliandika neno moja: Nyumbani.

Miaka miwili baadaye walimsamehe, wakamwita tena. Akaenda.

Sasa, chumbani kwao huko Ikulu, chini ya dirisha, palikuwa na sanduku la Lella Mannoubia ambalo hakulifungua tangu Februari. Alivaa nguo mbili tatu zilizokuja kwenye mfuko wa mkononi, akizifua mwenyewe. Alikuwa amekata shauri bila kumwambia mtu: mzee akiongeza hata siku moja, yeye angechukua sanduku na chungu chake, arudi Nabeul, na asimfuate tena popote. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alikwisha kufuata vya kutosha.

Walikoka moto ua wa nyuma wa jiko la Ikulu. Wapishi walitoka kuchungulia, wakarudi ndani, wakatoka tena. Saa tatu asubuhi Si Hassouna naye akatokea, na kofia yake nyekundu ya sufu, amekunja mikono ya shati. Alikuwa na miaka themanini na miwili na alitembea kama mtu anayehesabu vigae. Akajivutia kigoda, akaanza kutenga maua na vijiti.

"Mheshimiwa Rais," alisema Gamra, "hilo ni jani."

"Naliona."

"Unaliona na unalitia chunguni. Hivyo ndivyo mnavyoendesha nchi?"

"Nchi haina harufu nzuri hivi, Gamra," alisema Si Hassouna, akalitoa lile jani.

Lella Mannoubia alimtazama kwa pembe ya jicho. Uso ulikuwa uleule, laini, usiosema kitu. Alitamani kuupasua kama komamanga aone kuna nini ndani.

"Si Hassouna."

"Naam, binti wa Haji," aliitikia, kama alivyozoea kumwita mkewe.

"Kesho asubuhi utavaa nini?"

"Kwani kesho kuna nini?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Gamra alicheka mpaka akakohoa, na Lella Mannoubia akachochea kuni kwa hasira, mpaka ikabidi azitoe nyingine, maana moto mkali huunguza maua.

Tone la kwanza lilikuwa ndiyo kwanza limening'inia kwenye ncha ya mrija wakati mwandishi wa barua za Ikulu alipokuja kunong'ona. Si Lamjed amefika, na wenzake wawili. Si Hassouna akajipangusa mikono, akaenda. Bila shaka akaenda. Lella Mannoubia aliliona tone likianguka chupani peke yake.

"Lamjed ndiye yupi?" aliuliza Gamra.

"Katibu wa chama. Mtu wao ameshindwa uchaguzi kwa kura chache. Kwa hiyo leo anampenda sana mume wangu."

"Kahawa anapeleka nani?"

"Mimi."

"Wapishi wapo ishirini humo."

"Nimesema mimi."

Alitia kwenye kila kikombe matone mawili ya maji mapya. Akawapelekea, na alipotoka aliuacha mlango wa sebule wazi, akasimama nyuma yake na sinia tupu, wala hakujisingizia kazi yoyote. Mwandishi alipita, akamkuta, akageuza njia.

Si Lamjed alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. "Wewe ni baba yetu," alikuwa akisema. "Hatukuombi ubaki milele. Miezi sita tu. Kuna malalamiko ya kura yapatayo mia tatu. Mtu akila kiapo kesho, ndiyo basi, nani atayasikiliza?"

"Mia tatu," alisema Si Hassouna.

"Zaidi ya mia tatu! Wanasheria wamekwisha kuandika. Sahihi yako tu, hapa chini. Nchi nzima inakutazama, mzee."

Karatasi ilichakarika. Lella Mannoubia alimjua akisoma. Alisoma pole pole, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Nani kaandika hii?"

"Wanasheria, nimekwambia."

"Wameandika vizuri. Mimi mwaka wangu wa kwanza wizarani niliandika moja kama hii. Tuliahirisha uchaguzi wa manispaa kwa miezi sita."

"Unaona!" Si Lamjed alifurahi. "Na nchi ikatulia."

"Ilitulia miaka minane bila uchaguzi."

Mmoja wa wale wengine alicheka kidogo, akaacha.

"Kwa hiyo tukwambieje, Si Hassouna?" aliuliza Lamjed. "Unasemaje?"

Nyuma ya mlango Lella Mannoubia alisogeza midomo, akalitamka neno kabla yake bila sauti. Na kweli, likaja.

"Tutaangalia," alisema Si Hassouna. Kisha akapaza sauti: "Binti wa Haji! Tuletee mrashi."

Kwao Nabeul, tangu enzi za baba yake, mrashi, kile chombo cha kumwagia maji ya maua, huletwa mwisho. Ukimaliza kahawa na maneno, mwenye nyumba anaagiza mrashi, wageni wanamwagiwa maji ya maua viganjani, wanajipaka usoni, wanasimama. Hakuna anayekaa baada ya hapo. Si Hassouna alikuwa ameingiza desturi hiyo katika kila ofisi aliyowahi kupewa. Mrashi ulikuja akikubali na ulikuja akikataa, kwa hiyo haukumwambia mkewe kitu. Alichojua ni kwamba karatasi bado iko mezani, na kalamu ya Lamjed, nene, nyeusi, yenye ukingo wa dhahabu, imelazwa juu yake.

Alirudi uani, akaujaza ule mrashi wa fedha kwa maji ya asubuhi ile, bado yana uvuguvugu.

Aliingia sebuleni. Wageni walisimama. Akammwagia Si Lamjed, akamwagia wa pili, akamwagia wa tatu. Akawa anageuka aondoke, maana mwenye nyumba hamwagiwi. Mwenye nyumba anabaki.

Si Hassouna aliinuka kitini kwa taabu. Akaizunguka meza, akaenda kusimama mwisho wa mstari, baada ya yule mgeni wa tatu. Akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu.

Lella Mannoubia alimtazama. Viganja vilikuwa na madoa ya manjano ya chavua.

"Mzee," alisema Lamjed akicheka, "umesahau? Mwenye nyumba hamwagiwi!"

"Sijasahau."

"Sasa?"

"Sasa na mimi naondoka. Nilikuja siku sitini, nimekunywa kahawa, nimeshiba. Mwagia, Mannoubia."

Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya watu. Alimmwagia, mengi kuliko inavyotakiwa, hata yakachuruzika kwenye zulia la serikali. Si Hassouna alijipaka uso mzima na shingo. Kisha akaichukua karatasi, akaikunja mara nne kwa makini, akaitia kwenye mfuko wa koti la Si Lamjed na kuupiga mfuko kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemfungia mtoto chakula cha safari. Mrashi umekwisha kupita. Waliondoka wakinukia maua mpaka getini, na kalamu wakaisahau.

Gamra aliwaona wakirudi uani wote wawili. "Haya, nani kafa?" akauliza.

"Hakuna," alisema Si Hassouna. "Nipishe kwenye kigoda."

Alikaa. Akapunguza kuni moja, akachovya kidole kwenye maji ya kupozea, akasema yamepata moto, yabadilishwe. Simu ililia ndani, ikalia tena, na mwandishi akaja hadi mlangoni, akaona jicho la Gamra, akarudi nayo. Si Hassouna hakuinua kichwa. Tone lilifuata tone. Kabla ya adhuhuri chupa ya kwanza ikafika shingoni, na yeye yupo.

Lella Mannoubia aliipangusa, akaibandika karatasi, akasimama nayo. Asubuhi alikuwa na hofu ya kuandika Rais. Sasa hakujua aandike nini.

"Lete," alisema mumewe. Akatoa mfukoni ile kalamu nene yenye ukingo wa dhahabu, akaandika kwa mkono wake wa kiofisa, polepole: Nyumbani.

Kumbe alilijua kabati. Miaka yote hiyo, kumbe alikuwa akisoma.

"Lakini tuko Carthage," alisema Lella Mannoubia.

"Maji haya si yanakaa gizani wiki mbili kabla hayajafunguliwa? Yatafunguliwa tukiwa kwetu."

Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema moshi, na Gamra akasema kweli, moshi mbaya sana huu, ijapokuwa moshi wote ulikuwa unaelekea jikoni. Kisha Lella Mannoubia akaona amwambie tu, maana kukaa na jambo kama lile kungemharibia siku.

"Ungetia sahihi, ningeondoka peke yangu. Sanduku langu—"

"Nimeliona. Tangu wiki ya kwanza nalizunguka kwenda dirishani."

Alimgeukia mzima mzima. "Kwa hiyo umekataa kwa ajili ya nchi, au kwa ajili ya sanduku?"

Si Hassouna aliweka chupa ya pili chini ya mrija. Uso ulikuwa uleule, laini, usiosema kitu, na Lella Mannoubia akasogea karibu, asipitwe na jibu.

"Tutaangalia," alisema.

Mkewe alimpiga begani kwa mwiko wa mti, tena si kidogo. Yule ofisa wa getini mwenye miwani myeusi, aliyekuja kulinda ua, akageuza uso wake upande wa pili.