Kupima Kisu kwa Gumba

Wiki mbili kabla ya Idi ya Kuchinja, Haji Oding alipanda milimani hadi Ciwidey, kwa wahunzi, kununua kisu, na njia nzima alijua kwamba anajidanganya.

Mtu aliyechinjia kijiji kizima miaka thelathini na moja hakosi visu. Nyumbani alikuwa navyo vinne, na kile kirefu alikirithi kwa baba yake. Mkewe alimtazama akivaa viatu, akamwambia, "Mchagua jembe si mkulima, baba Neneng." Haji akajifanya hakusikia.

Angemjibu nini? Mwaka jana, uwanjani pa msikiti, alikuwa akimchinja fahali wa Ceu, yaani dada, Entin. Mkono wa kulia ukatetemeka, kisu kikanyanyuka shingoni kabla ya kazi kwisha, na fahali akajiinua na wanaume sita juu yake. Ikabidi Haji akate tena. Kabla hajaulizwa na mtu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanawake, "Kisu kimekuwa butu."

Uongo wenyewe mdogo, lakini ulimwangukia mtu asiyestahili. Ceu Entin ni mjane. Fahali yule alilelewa na marehemu mumewe, Suhaya, tangu ndama, akimkatia majani kila asubuhi kwa nia ya kumtoa dhabihu, na Suhaya akafa Idi ikiwa mlangoni. Kisha watu wakaanza minong'ono dukani: kwani kisu kikinyanyuka, nyama inabaki halali kweli?

Tangu siku ile Haji hakunywa tena chai kwenye nyumba ya mtu. Akikaribishwa, amefunga. Akibanwa, tumbo linamsumbua. Gilasi iliyojaa ingemuumbua mbele ya watu, naye bado alitaka kuitwa mchinjaji.

Mhunzi, Abah Wikarta, alimpokea kwenye karakana iliyonuka makaa na mafuta ya nazi. Alikuwa mzee mkavu, hana haraka, na mdomo wake haukuwa na pazia.

"Haji mwenyewe! Nilidhani mtu wa visu vya urithi hapiti kwangu. Chai?"

"Nimefunga, Abah."

"Jumanne?"

"Ninalipa za nyuma."

Abah hakuendelea na hilo. Alishusha kisu kutoka ukutani, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mpini wa pembe ya nyati. Alichukua karatasi ya gazeti, akaiachia juu ya makali, ikashuka vipande viwili bila sauti.

"Rupia milioni mbili na laki nane," alisema. "Usinikunjie uso. Nimekipiga siku tisa."

"Kwa bei hiyo kinachinja chenyewe?"

"Kingekuwa kinachinja chenyewe ningekuuzia milioni kumi, wewe nikakuacha nyumbani na wajukuu."

Haji alicheka. Hapo ndipo penye shida yake. Akirudi na kisu cha namna hii, kijiji kitatulia, watasema kweli tatizo lilikuwa makali. Lakini mkono ukitetemeka tena hatakuwa na cha kusingizia, na atakuwa amemtesa mnyama mara ya pili huku akijua. Aliogopa, na hofu yenyewe ilimtia haya.

"Haya, kipime," alisema Abah.

Kwao hakuna anunuaye kisu bila kukipima. Unaweka gumba la kushoto kwenye ubapa, karibu na mpini, kisha la kulia mbele yake, tena la kushoto, hadi ncha, na kila gumba lina neno lake: neema, cheo, mali, maradhi, mauti, unarudi mwanzo. Neno la mwisho ndilo bahati yako na kisu hicho.

Haji alipima. Gumba la kushoto lilitua vizuri. La kulia lilicheza, likaacha nafasi. Ncha ikaangukia cheo.

"Cheo," alisema harakaharaka. "Si kibaya."

"Rudia," alisema Abah.

Akarudia. Safari hii ikaangukia mauti. Akapima mara ya tatu bila kuambiwa, akibana meno, ikaangukia neema.

Abah Wikarta alikichukua kisu taratibu, akakifuta. "Haji, kisu hiki hakirefuki wala hakifupiki. Tangu lini?"

Haji aliutazama mkono wake juu ya meza, ukitikisika mbele ya mtu kwa mara ya kwanza.

"Tangu kabla ya Idi ile," alisema.

"Nikuuzie? Pesa nazitaka, sikufichi."

"Kirudishe ukutani, Abah."

Aliteremka na pesa zake mfukoni, akapita nyumbani kwake bila kuingia, hadi kwa Ceu Entin. Alimkuta barazani akichambua mchele kwenye ungo. Mjane alipomwekea gilasi ya chai, Haji hakuigusa.

"Ceu, mwaka jana kisu hakikuwa butu. Mkono wangu ndio mbovu. Nilijua, nikachinja vilevile."

Mjane hakuinua macho. Alinyoosha kidole chake cha shahada juu ya mchele. Kilikuwa na kovu refu jeupe.

"Nani unadhani aliosha vyombo siku ile?" alisema. "Kisu chako kilinikata hadi karibu na mfupa. Nimekusubiri uje mwenyewe."

"Nyama ilikuwa halali, Ceu. Nilimuuliza ustadhi kwa siri, wiki ileile. Fahali alikuwa bado hai nilipokata mara ya pili. Dhabihu ya Suhaya imetimia."

Hapo ndipo alipomtazama, na Haji akatamani angetukanwa.

"Wiki ileile? Mwaka mzima ulikuwa na jibu hilo? Mimi nikilala najiuliza kama kazi ya mume wangu imeenda bure, wewe unalo, unapita hapo njiani unanisalimia?"

Haji aliingiza mkono mfukoni. Alitoa bahasha akaiweka karibu na ungo. "Hii inatosha kondoo dume mzuri. Kwa jina la Suhaya. Atachinja Jajang, mpwa wangu, kwa kisu cha baba yangu. Mimi nitashika miguu."

Ceu Entin hakuigusa bahasha. Alichambua punje kadhaa, akatupa kijiwe uani.

"Kunywa chai, Haji," alisema. "Na usiniambie umefunga."

Aliinyanyua gilasi kwa mkono wa kulia. Ilipofika kinywani nusu yake ilikuwa imemwagika juu ya kanzu, naye akainywa iliyobaki. Ceu Entin akachukua birika akamjazia tena.