Ncha za Pili za Shuka

Nilichokiota usiku wa jana nitakisema kama kilivyokuwa, anayetaka kucheka acheke mwishoni. Niliota niko kazini, chumba cha kufulia cha hospitali yetu, saa tatu asubuhi, na shuka limegoma kukunjwa.

Kwanza nieleze. Shuka la wodini hukunjwa na watu wawili, kila mmoja na ncha zake. Mnalikung'uta, mnalivuta likanyooka, kisha mnatembea mkutane katikati. Mwaka wa sita huu, ncha za pili anashika Stamili, kibarua asiye na mkataba. Wiki tatu zilizopita ofisi ilileta fomu yenye nafasi iliyoandikwa "Mfanyakazi mwenza". Nikajiambia, mwenza ni mwenye barua ya ajira kama mimi. Nikaandika: Hakuna. Basi ofisi ikaona nafanya kazi peke yangu, vibarua wa nini, na Stamili akapangiwa jikoni kuanzia Jumatatu ijayo. Tangu hapo hatusemezani. Roho iliniuma, sifichi, ila ulimi wa kuomba radhi ulikuwa mzito.

Sasa ndotoni shuka linaniambia, kwa sauti ya karani, "Mimi nina ncha nne, wewe una mikono miwili. Nenda kamuulize Mwenza maana yake, ndipo urudi."

Nauliza anakaa wapi. Linasema mlango wa pili. Nafungua mlango wa pili, ambao siku zote ni wa stoo ya sabuni, natokea kwenye shamba la mihogo la marehemu bibi yangu, Muheza. Sikushangaa. Niliona tu kwamba mihogo imepaliliwa vizuri.

Mwenza alikuwa neno fupi, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, viatu vimelowa umande. Nikampa shikamoo, maana alionekana mtu mzima. Akaitika marahaba, akanisogezea mkeka.

Nikamuuliza katoka ofisi gani. Akasema ofisini amefika juzijuzi tu, tena kwenye fomu wamembana kati ya cheo na sahihi hata kupumua hawezi. Yeye kwao ni kwenye kinu: wanawake wawili, michi miwili, huyu akishusha yule anapandisha, na asiyemngoja mwenziwe hugonganisha michi. Pale hakuna aliyewahi kuulizwa barua. Akaongeza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole changu cha shahada kikasema ni kweli, kimewahi kujaribu.

Kisha akaniuliza mwenzangu ni nani. Nikaanza habari za mkataba, wa kudumu na wa muda, akanikatisha.

"Sijakuuliza barua. Ukiachia sasa hivi, nani ataanguka?"

Natazama mikono yangu. Nimeshika ncha mbili za shuka, na shuka lenyewe linakwenda mbali, linapita juu ya mihogo, linakatiza harusi ya watu wanaoinama bila kulalamika, linapanda mlima. Naanza kutembea, nalikunja njiani. Bwana harusi ananipa pole na kazi. Namjibu nishapoa.

Upande wa pili yuko Stamili, amelivuta limenyooka kabisa, jasho linamtiririka. Wala hakushangaa kuniona.

"Umechelewa, da Mwajabu," akasema. "Nimeshika hapa wiki tatu."

Nikamwambia niliandika hakuna, na kwamba nilikosea, na kwamba kwa kiburi changu nimemwacha apelekwe kwenye masufuria.

"Najua uliandika nini. Fomu ile niliipeleka ofisini mimi mwenyewe. Hata hukuikunja."

Niliona haya mpaka shuka likabadilika rangi. Stamili akalitazama, akasema hilo sasa litarudi majini, akaanza kucheka, nami nikacheka. Tukasogeleana, kona kwa kona, mpaka vidole vikagusana. Nilisikia raha ambayo sikuwa nayo tangu fomu ile ije.

Nikaamka kumekucha, jogoo wa jirani anawika. Nikaona ni ndoto kama ndoto nyingine, nikainjika chai. Simu ikaingia ujumbe. Alikuwa Stamili, ambaye wiki tatu nzima hakuniandikia hata salamu.

"Da Mwajabu, nimeamka mabega yananiuma sana. Siku nyingine usivute hivyo, mwenzangu."

Nikamjibu kwamba leo natangulia ofisini, nikaidai fomu yangu nifute neno moja. Akaniandikia niende na kalamu yangu, ya kule haiandiki.