Mlango wa Kusema Kweli

Karani wa tiketi wa kituo kikuu cha mabasi, watu walimwita Mwenyeji, kwa sababu hapakuwa na mji asioujua. Ukimuuliza habari za Mji wa Ngome, atakutajia mpaka kona yenye kivuli saa tisa alasiri. Ukimuuliza Mji wa Minara, atakuonya kwamba ngazi ya pili ina utelezi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, tena ndogo: hajawahi kufika kokote. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa nyuma ya kioo akiwasafirisha wenzake kwa mdomo.

Ndipo kampuni, kwa kumshukuru, ikampa tiketi mbili za bure: yeye na mkewe, siku tatu, Ngome au Minara, achague kabla ya Ijumaa jioni.

Mwingine angeruka kwa furaha. Mwenyeji alikosa hata hamu ya kula. Zamani, alipokuwa akimchumbia mkewe, binti alimuuliza lile kovu la kwenye paji la uso kalipata wapi. Ukweli ni kwamba alijigonga kwenye kabati la jikoni kwa mama yake, akiiba sukari. Lakini nani anamchumbia mtu kwa kabati? Akasema kalipata Mji wa Ngome, kwenye Mlango wa Kusema Kweli, mlango mfupi ambao mtu hapiti mpaka aseme kweli moja aliyoificha. Yeye alisema yake, akainama vibaya, akajigonga. Binti akaligusa kovu kwa kidole. Mwaka haukuisha, wakaoana. Ndoa nzima pamoja na watoto wake watatu ilikuwa imeegemea mlango usiokuwepo.

Kwa hiyo ilikuwa lazima waende Minara, na Mwenyeji hakuwa na uso wa kulisema hilo.

"Mimi hata Minara panatosha, baba watoto," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na siku hiyo alikuwa na kola arobaini za kumaliza.

"Minara? Na mlango je?" Mwenyeji akausikia mdomo wake ukiuliza.

"Mlango hauendi popote. Ila ukitaka Ngome, twende Ngome. Wewe ndiye unayepajua."

Ananipima, Mwenyeji akawaza. Akiikubali Minara haraka haraka, atakuwa amejitia kitanzi mwenyewe. Akasema atafikiria.

Ijumaa saa kumi alikuwa hajafikiria kitu. Alichofanya, na mashahidi wapo, ni kutoka ofisini, kuzunguka nje na kupanga foleni kwenye dirisha lake mwenyewe, nyuma ya mama mmoja mwenye begi la magurudumu.

"Karani katoka," mama yule akamwambia. "Ndiyo zao hawa."

"Ndiyo zao," Mwenyeji akakubali. Akarudi ndani, akamhudumia, akatoka tena kushika nafasi yake.

"Naomba ushauri," akasema kwenye kitundu cha kioo, kisha akakimbilia ndani kujibu. "Uko peke yako, mzee wangu?" Akatoka. "Na mke wangu. Tuna siku tatu." Akaingia, na hapo ndipo kazi ilipomponza. "Kwa wanandoa ni Ngome. Kuna mlango pale, mimi mwenyewe nimepita, ona kovu hili." Mkono ukagonga mhuri kabla akili haijafika. Juu ya dirisha palikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe: TIKETI IKISHAGONGWA MHURI HAIBADILISHWI. Akajibembeleza sana. Karani akakataa.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hii ilichukua saa sita na nusu. Njia nzima Mwenyeji alikuwa akiandaa uongo wa pili, kwamba mlango ulibomolewa na mvua. Walipoingia mtaa wa nyuma ya ngome wakakuta foleni ndefu, na mbele ya foleni maandishi: MLANGO WA KUSEMA KWELI. INAMA.

Mlango ulikuwa vilevile alivyousimulia, mfupi, wa mawe, kwenye ukuta wa ghala la unga.

"Ulikuwa umesahaulika," mlinzi wa mlango alikuwa akiwaeleza watu. "Wageni ndio waliotuzindua. Kila basi likishusha, wanauliza mlango, mlango. Tukaona aibu, wageni wanapajua kwetu kuliko sisi. Tukatafuta mpaka tukaupata."

Mkewe akatangulia. Akamnong'oneza mlinzi, mlinzi akatikisa kichwa kwa huruma, akampitisha. Ikawa zamu ya Mwenyeji.

Mwenye akili angesema aliwahi kuiba sukari, yakaisha. Mwenyeji alitazama lile jiwe la juu, akaona hawezi kudanganya mbele ya uongo wake mwenyewe.

"Mlango huu niliubuni mimi," akasema. "Kabla sijaoa."

"Hiyo haifai," mlinzi akasema. "Tunataka kweli."

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Bwana, babu yangu kapita hapa. Kama huna kweli, wapishe wenye nazo."

Foleni ikaanza kuguna. Bwana harusi mmoja akamshauri atafute hata kweli ndogo. Hapo kichwa cha mkewe kikachungulia kutoka upande wa pili. Alikuwa amesikia yote, na Mwenyeji akaona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani.

"Unajua mimi nimesema nini?" mkewe akauliza. "Nimesema miaka yote hii naogopa kuja huku, nisije nikakuta mlango haupo. Ndiyo maana nilikwambia Minara."

"Na kama ungekuta haupo?"

"Ningefanyaje? Kovu nimeshalizoea."

Mwenyeji akalishika kovu lake.

"Kweli yako, bwana," mlinzi akahimiza.

"Sijawahi kufika hapa," akasema. "Hapa wala popote. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Unaona? Mbona rahisi. Hiyo inafaa. Inama."

Akainama macho yamejaa machozi, haoni vizuri, akajigonga kwenye jiwe palepale penye kovu. Upande wa pili hapakuwa na kitu ila ua mdogo, kamba ya nguo na magunia matupu. Mkewe akamkalisha juu ya gunia, akamfuta damu kwa leso, kisha akaligusa jeraha kwa kidole, kama siku ile.

"Haya," akasema. "Sasa umefika."