Uso wa Kazini

Harufu ya gesi ilimfikia Kola katikati ya mshono, na moyo ukamruka. Walimwita Kola kwa sababu miaka tisa katika karakana ile hakushona kitu kingine ila kola za sare za shule. Mtungi wa gesi ulikuwa chumba cha pasi, na humo chumbani alikuwemo mdogo wake, mjamzito wa miezi saba.

Akainua macho. Mafundi kumi na mmoja, wote wametulia tuli. Hata fundi wa mifuko, ambaye akiona panya hupanda juu ya meza, alikuwa akitunga uzi kwenye sindano yake.

Sasa hao walikuwa na desturi yao. Wateja waliwachungulia kutoka dukani, kwa hiyo msimamizi aliwafundisha wote kuvaa alichokiita uso wa kazini. Umechomwa sindano, uso wa kazini. Umefiwa, uso wa kazini. Kila mmoja alijua wake ni wa bandia, lakini wa mwenzake aliuamini, wajinga wao!

Basi Kola akajiambia pua imemdanganya. Akipiga kelele bure atachekwa mpaka azeeke. Akashona kola moja, mshono ukaenda upogo. Akashona ya pili. Jasho la hofu likamtiririka mgongoni. Sasa harufu alikuwa anaionja ulimini. Kwenye kidirisha cha kioo aliuona mgongo wa mdogo wake umeinama juu ya meza ya pasi. Alipotazama tena, haukuwepo.

"Gesi!" Sauti ilimtoka yenyewe. "Jamani, gesi! Tokeni!"

Hakuna aliyeuliza gesi gani. Wote walisimama kwa pamoja, viti vikaanguka, msimamizi akawa wa kwanza mlangoni. Kola alikimbilia chumba cha pasi, akafunga mtungi, akamkuta mdogo wake chini sakafuni. Yeye na fundi wa mifuko wakamburuta hadi uani.

"Wewe uliisikia saa ngapi?" Kola aliuliza huku akihema.

"Kitambo. Nilikuwa nakuangalia wewe tu," fundi wa mifuko alisema, machozi yakimlengalenga. "Nikaona umetulia."

Mdogo wake alikohoa, akafumbua macho. Kola alibandika kiganja tumboni mwake na kungoja, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Muda ukapita. Hatimaye teke likaja, hafifu, kisha jingine. Hapo ndipo hofu ilipogeuka hasira.

"Mbona hukutoka? Ina maana hukuisikia?"

"Niliisikia, dada. Nilikuwa nimeshashika kitasa." Alikohoa tena. "Nikakuchungulia kwenye kioo, nikakuona unashona zako. Nikasema, ingekuwa hatari, dada angekuja kunichukua. Nikarudi kupiga pasi."