Mchana wa Samaki Mbichi

Kwa miaka thelathini na minane nilimhadithia mke wangu jinsi nilivyokula chakula cha Wajapani jijini, nilipopelekwa kusomea ufundi bomba. Nilimwambia nilizibua sinki la mpishi Mjapani, akanilisha wiki nzima, na kwamba samaki mmoja alikuwa mbichi hata akanikonyeza kabla sijammeza. Kila mwaka ukipita, samaki walizidi kuongezeka. Ndiyo maana akanibandika jina Mzee wa Chumvi.

Sinki nililizibua, hilo ni kweli. Nikapewa ujira wangu mlango wa nyuma, nikaondoka na harufu ya mvuke wa wali.

Sasa tulikuwa jijini wote wawili, kwa ajili ya hospitali. Asubuhi hiyo daktari alimwacha mke wangu anavaa viatu, akanivuta pembeni. Niliporudi, mke wangu hakuuliza kitu. Alisema tu, "Nina njaa. Nipeleke kwa Wajapani wako."

Mhudumu alituletea sinia ya vitonge vya wali, vidogo kama sabuni za gesti, kila kimoja kimelaliwa na kipande cha samaki mbichi. Pembeni palikuwa na rojo la kijani.

"Haya, mwenyeji," mke wangu akasema. "Tunaanzia wapi?"

Mwenyeji hakosi jibu. "Hili la kijani ni la kufungulia tumbo. Linaliwa lote kwa mkupuo."

Nikalibugia. Salale! Lilishinda pilipili kwa ukali; machozi yalinitoka, moshi ukanitoka masikioni, nikaona babu zangu wote wamepanga foleni. Mhudumu akaja mbio na maji. Mke wangu alicheka mpaka akajishika ubavu, upande ule ule unaomuuma.

"Samaki amekukonyeza?"

"Leo amenizaba kofi."

Akaanza kula, macho kafumba. Miezi miwili alikuwa hapiti vijiko vitatu vya uji. Sasa alimaliza vitonge vinne.

"Mtamu," akasema. "Wa baridi, halafu anayeyuka."

Kisha akaweka chini vijiti vyao vya kulia chakula. "Daktari kakwambia nini?"

"Kasema utapona."

Akanitazama. "Basi? Hakupiga magoti? Manesi hawakupiga vigelegele?"

"Hapana."

"Mzee wa Chumvi, uongo wako wote nimeupenda kwa mapambo yake. Huu umekuja uchi."

Machozi yakanitoka, na safari hii sikuwa na rojo la kusingizia.

"Miezi mingapi?"

"Miwili. Labda mitatu. Lakini Jumatatu kuna kitanda, wakuanzishie dawa."

"Kitanda ninacho nyumbani. Kesho turudi."

"Mama, tujaribu. Nakuomba."

"Hizo dawa zitaongeza nini?"

"Wiki chache."

"Za kutapika?"

"Ndiyo."

Sijawahi kumwambia ukweli mwingi kiasi hicho kwa siku moja. Akanifuta uso kwa kitambaa cha mezani kama mtoto aliyekula embe. "Basi tumemaliza," akasema. Nami nikajua kweli tumemaliza; mwanamke huyu hajawahi kurudia neno.

Nikamwita mhudumu atufungie vitonge viwili vilivyobaki, tuondoke.

"Samaki huyu hafungwi, mzee," akasema kwa upole. "Akikaa anaharibika. Huliwa hapa hapa."

Mke wangu akasogeza kiti chake karibu na changu. Akachukua kimoja kwa vidole, akaniwekea mdomoni. Cha mwisho nikamlisha yeye.