Mkataba wa Royce

Mkataba wa Royce Tolliver ulikwisha Jumapili. Mimi, kocha wake wa mpira wa kikapu, nilitaka abaki. Meneja Hatch alikuwa na njia mbili: ampe mwaka mmoja kwa mshahara mdogo, au amwache atafute timu nyingine na nafasi yake apewe kijana.

"Goti lake limechakaa, kocha. Unataka nimsajili babu?"

Chini ya ofisi, uwanja wa mazoezi ulikuwa mtupu. Hata hivyo tulisikia mpira ukidunda mara mbili, ukanyamaza, kisha wavu ukatikisika. Royce tu ndiye hudundisha hivyo kabla ya mtupo huru.

Hatch akampigia simu. Royce alikuwa kwa mama yake, Memphis, mji wa mbali na hapo.

"Tunakuacha uende, mzee," Hatch alisema, macho yake kwenye wavu.

"Mimi naenda, bosi," Royce akajibu taratibu. "Huyo hapo chini mkamuulize mwenyewe kama naye anaenda."